Tone la Damu Kwenye Gauni la Bi Harusi

Mwanangu,

Dawa hii ya doa nimeambiwa asubuhi hii na fundi mzee wa duka la jirani. Binti yako alijidunga sindano akimalizia gauni la bi harusi, tone la damu likaangukia kifuani. Usilitie maji ya moto! Damu ikishapikwa haitoki. Atafune uzi mweupe wa pamba mpaka ulowe mate, agongegonge nao doa bila kusugua, kisha asuuze kwa maji baridi. Mate yawe yake. Fundi anasema damu hutii mate ya mwenyewe tu. Wewe usijitie kutema.

Mimi nilipomtajia chumvi binti yako alinifokea, “Bibi, niache na dawa zako!” Ndipo nikaenda kwa fundi. Shangazi wa bi harusi analifuata gauni mchana, na akiliona hivi, nani tena atampa mtoto kitambaa ashone?

~~Mwamshe ukifika tu.~~ Chemsha chai kwanza, ndipo umwamshe. Siwezi kukaa. Nakwenda kumchelewesha huyo shangazi. Nikianza habari za magoti yangu hatoki mtu.

Nilitaka nimwambie mwenyewe, mkono ukakataa kumgusa. Alilia hapo mashineni, na sasa hivi ndiyo kwanza usingizi umemchukua.

Bibi wa huyo mkali wako