Alama Chini ya Benchi

Kwa mama yangu,

Kamwene, mama. Najua utaitikia kwa sauti ingawa uko peke yako jikoni na karatasi mkononi, ndiyo maana nimeanza hivyo. Magoti yanasemaje na baridi hiyo ya Mafinga? Na yule kuku kilema, bado anataga kwenye kapu lako la nguo? Mimi ni mzima. Joto la huku ziwani limeniondolea mafua yote, likaniletea mbu.

Sikupiga simu kwa makusudi. Simu ikilia tu wewe unaweka spika, na baba mkubwa akiwepo anajibu yeye. Haya ni yako kwanza. Uliponisindikiza stendi uliniambia, "Ukaulizie huko. Uniletee neno moja tu, kama mimi ni mke au ni mjane." Ni miaka sita tangu baba aage kwamba anakwenda kumjengea mtu nyumba ziwani, na sasa baba mkubwa anataka tukae msiba baada ya Pasaka, yaishe. Nimeulizia, mama. Soma taratibu.

Nyumba ninayoitunza ni ya nesi mstaafu anayeishi Mbeya mjini. Ina vyumba viwili na baraza, na kutoka mlangoni hadi majini ni hatua chache tu. Wageni huja kupumzika wikiendi. Mwenye nyumba aliniagiza niandike karatasi ya kubandika ukutani, mambo ya kuona na kufanya huku. Mimi niliyefika juzi! Bahati nzuri nikakuta kwenye droo orodha ya mtunzaji aliyenitangulia: benchi la kwenye mwamba, daraja la kwenda maporomokoni, wafinyanzi, makaburi ya ufukweni. Nikasema siandiki mahali ambapo miguu yangu haijafika.

Nikaanza na benchi. Wageni hukaa pale kuangalia ziwa likitoa moshi. Si moshi, ni vijidudu vidogo visivyo na idadi, huinuka majini vikasimama kama nguzo nyeusi. Siku ile nguzo ilisimama mbele yangu muda mrefu, halafu ikaja nchi kavu bila sauti yoyote. Nilijifunika kitenge usoni, nikashika benchi kwa chini. Vidole vikagusa mikato mitatu ya patasi.

Niliijua kabla sijainama kutazama. Unakumbuka baba alivyokuwa, kila kazi lazima aipige alama chini, mahali mteja haoni, mikato mitatu inayolalia kushoto kwa sababu yeye ni mashoto. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu mpaka wadudu wakaniingia mdomoni.

Kesho yake nilikwenda darajani. Chini ya mkono wa daraja nikaikuta tena alama ile. Lakini ule ubao ulikuwa mpya kuliko mbao zote za pale, bado mweupe, unanukia kama karakana yetu. Paini, mama. Huku sijaona hata mti mmoja wa paini. Maporomoko sikuyaona, niligeuka nikakimbilia kwa wafinyanzi kuuliza.

Nilimkuta mama mmoja anapanga vyungu juani. Nikamweleza.

"Fundi wa Iringa? Yule mashoto?" Akaacha chungu. "Ndaga, mwanangu," neno lao la pole na asante. "Ni nani wako?"

"Baba yangu."

"Pole sana. Mtumbwi ulipinduka, yapata miaka mitano sasa, ziwa likamrudisha siku ya nne. Uso haukujulikana, ila mfukoni alikuwa na futi ya fundi. Tukasema ni yeye, tukamzika. Jina lake kamili hakuna aliyelijua."

Alinishika mkono akanipeleka makaburini. Ni kaburi la mchanga lenye msalaba wa mbao, usio na jina. Nililia, mama, sitakuficha. Nilipomaliza nikamshukuru kwa ule msalaba.

"Sisi tulizika bila msalaba," akasema. "Tuliukuta asubuhi yake umeshasimama. Kila mtu anasema si yeye aliyeuweka."

Nikapita nyuma ya msalaba, nikapiga magoti. Mikato mitatu, inalalia kushoto.

Basi nani yuko chini ya mchanga ule? Kama ni fundi mwingine, baba alimchongea msalaba akaondoka zake bila kutukumbuka, na hilo linaniuma kuliko kifo. Kama ni baba mwenyewe, sijui nikuandikie nini.

Jumapili nilitoa barazani kiti kimoja kibovu cha jikoni kinachocheza mguu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Uongo, najua. Nilikwenda kanisani nikaimba vibaya. Niliporudi, geti lilikuwa na kufuli kama nilivyoliacha, na mchanga mbele ya baraza haukuwa na unyayo hata wa kuku. Nikakikalia. Hakichezi tena.

Sijakigeuza kuangalia chini kama mikato mitatu ipo. Mkono umekwenda mara mbili nikaurudisha. Neno uliloniomba liko chini ya kiti hiki, na ni lako wewe, si langu wala la baba mkubwa. Ukisema nigeuze, nitageuza na kukuandikia nilichokiona. Ukisema mkae msiba, nitakiacha kilivyo, nitapanda basi nije nilie na wewe. Jibu kwa barua, usiniwekee spika.

Msalimie baba mkubwa, mwambie naendelea na kazi, basi. Msalimie mdogo wangu Baraka, asiuze patasi za baba hata akibembelezwa vipi. Shangazi wa Sao Hill mwambie kitenge chake ndicho kilichoniokoa na wadudu. Na mama mchungaji aniombee bila kuuliza sababu.

Karatasi ya wageni nimeibandika. Nimeandika benchi, daraja na wafinyanzi. Makaburi nimeyaacha.

Nimeandika barua hii yote barazani, mama, nimekaa kwenye kiti hicho. Kimetulia, na kinanukia nyumbani.

Mwanao,
Upendo