Barua ya Saa Nane na Dakika Kumi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Potrero Jazmín, Paraguay
Tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi

Jina: Eusebia Ojeda Benítez
Umri: miaka 61
Kazi: mdarizi, zamani karani wa kompyuta serikalini
Makazi: nyuma ya kanisa

Sajini Cabañas, andika kama ninavyosema, usinipunguzie hata neno.

Mnamo tarehe 17 Juni ilikutwa kwenye kompyuta ya ushirika wetu barua ya kumpa mfanyabiashara wa Asunción michoro yetu yote ya kudarizi. Sisi wanachama hatukuiandika. Kompyuta ilionyesha kwamba imehifadhiwa saa nane na dakika kumi mchana, na saa hiyo Liduvina Recalde, mfagiaji wetu, alikuwa peke yake ofisini. Mkamweka ndani. Liduvina, ambaye hata kupiga simu husaidiwa na mwanawe! Iliniuma sana.

Leo saa mbili asubuhi tuliingia ofisini mimi, wewe Sajini, na katibu wetu Wilfrido Ayala. Kompyuta ilisema saa moja. Hapo hapo nikajua. Nchi imeshaacha ile desturi ya kurudisha saa nyuma kwa saa moja kila majira ya baridi, lakini kikompyuta kikuukuu kile hakijapata habari, kinajirudisha chenyewe.

Nikasema nataka mipangilio ya saa. Wilfrido akacheka. "Kipanya kimekufa, mama. Utafungua na nini, sindano?"

"Kwa vidole, mwanangu. Hebu sogea."

Nilibonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na R, nikaandika cmd. Likatokea dirisha jeusi. Humo nikaandika control timedate.cpl, na mipangilio ya saa ikafunguka. Nikatembea kwa kitufe cha Tab, nikachagua saa za Buenos Aires, kule Ajentina, ambazo sasa ni sawa na zetu.

Ukaniuliza, "Yaani tumekuwa Waajentina?"

Nikakujibu, "Dakika tano tu, baba. Tukipata haki tunarudi."

Nikarudi kwenye dirisha jeusi, nikaandika dir, inionyeshe faili na saa zake. Barua ile ile sasa ikasoma saa tisa na dakika kumi.

Saa tisa siku ile Liduvina alikuwa uani kwangu na wadarizi kumi na mmoja, anatuchekesha mpaka sindano zinatuchoma. Ufunguo alikuwa amemkabidhi Wilfrido saa nane na nusu, mbele yangu. Nikamtazama Wilfrido. Akasema, "Mama, yule mfanyabiashara alinishawishi." Wewe ulimsikia.

Nimefurahi, sifichi. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Sahihi: E. Ojeda B.

Maoni ya afisa: Saa iliyoandikwa juu ilitoka kwenye kompyuta ya kituo. Shahidi ameitazama, ameguna, ameirekebisha mwenyewe bila kugusa kipanya. Isomeke saa tano. Liduvina Recalde ameachiwa huru saa sita kasoro robo, saa sahihi.
Sajini D. Cabañas