Mimi Si Lifti

Jumatatu, 17 Novemba

Lifti imekufa. Safari hii imekufa kweli. Fundi amekuja, amechungulia ndani kama daktari anayetazama koo la mtoto, akasema kuna chuma lazima kiagizwe. Kutoka wapi, hajasema. Kitafika lini, hajasema.

Chuo chetu ni nyumba moja nyembamba nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Ubelgiji, imebanwa kati ya duka la viatu na daktari wa meno. Kila kitu kimepandishwa juu ya kingine. Maktaba iko chini ya ardhi, ofisi na jiko viko usawa wa barabara, madarasa juu. Sisi wa afya ya jamii tuko ghorofa ya tatu. Na mwenzetu Sephora anatembelea kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo tumembeba. Mwanafunzi mwenzetu Ghislain alimweka mgongoni, mimi nikafuata nyuma na kiti. Sephora ni mwepesi, kiti si chepesi. Baada ya masomo tukamshusha vilevile.

Jana nilikuwa kazini Uccle, kwenye nyumba ya wazee, nikiinua na kulaza watu kutwa nzima. Leo tena. Nimekula mkate mkavu nimesimama, maana kukaa kunauma.

Alhamisi, 20 Novemba

Tumebadili mtindo. Kazini nilifundishwa: kunja magoti, usikunje mgongo. Sasa mimi na Ghislain tunashikana mikono, Sephora anakaa juu yake, anatuzungushia mikono shingoni. Wengine wanachukua kiti na mkoba. Tukifika juu anamwambia kila mtu merci, asante, kwa jina lake.

Anapenda kucheka ninavyosema lifti. Kwao Lubumbashi ni ascenseur. Nimemwambia Kiswahili changu ni cha Kigoma, nimekulia kambi ya wakimbizi, na kule hatukuwa na lifti wala ascenseur. Akacheka mpaka Ghislain akaomba atulie, asije akatuangusha wote.

Madame Viviane wa ofisi ya wanafunzi alitoka kututazama. Akasema ni bahati kubwa chuo kuwa na mwanafunzi mwenye ujuzi kama wangu.

Ujuzi. Nimerudi shule na umri huu ili niache kuinua watu.

Jumanne, 25 Novemba

Sephora hanywi maji. Sijui kwa nini sikuliona mapema. Wakati wa mapumziko tulipitisha chai, akakataa. Jana pia alikataa. Nikamwuliza kama anafunga.

— Hapana, ya Priscille. Nikikunywa chai nitakuwa muzito, mutanitupa.

Ananiita ya, dada mkubwa, kama kwao. Tukacheka. Lakini nilimtazama midomo, imekauka inapasuka. Baadaye, tukiwa wawili, akaniambia ukweli. Choo kipana, kile ambacho kiti chake kinaingia, kiko chini, na kimejaa viti vibovu. Cha juu mlango wake ni mwembamba. Kwa hiyo anakunywa maji akirudi kwao Ganshoren, si kabla.

Nilishuka kuangalia. Kweli. Viti vimepangwa hadi dari, na skrini mbili zilizopasuka zimeegeshwa kwenye sinki. Nikaenda kwa Madame Viviane. Akasema wanajua, hawana stoo, wataona la kufanya.

Mimi nafanya kazi na watu wasioweza kwenda chooni wenyewe. Ningepaswa kuona.

Jumapili, 30 Novemba

Kazi. Mvua. Wenzangu wawili hawakuja, nikafanya korido nzima peke yangu. Kesho tena ngazi. Sina la kuandika.

Jumanne, 2 Desemba

Siku mbaya.

Tulikuwa tunamshusha. Ngazi zilikuwa na maji ya viatu. Ghislain akateleza — kidogo tu, lakini mikono yetu ikaachana. Sephora akashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, akaning'inia pale, sketi imepanda juu ya mapaja, na wanafunzi wa darasa jingine wanapanda wakamkuta hivyo. Hakuna aliyecheka. Waligeuza macho, wakapita wamejibana ukutani. Labda afadhali wangecheka.

Tukamfikisha chini. Hakulia. Alivuta sketi, akasema merci Ghislain, merci ya Priscille, kama kila siku.

Nikaingia jikoni na Ghislain. Nikasema. Nilisema kwa sauti: nimechoka, wikiendi nabeba wazee, wiki nzima nabeba Sephora, mimi ni mtu, mimi si lifti. Ghislain alikuwa anatazama nyuma yangu.

Sephora alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua shali yake iliyokuwa kwenye kiti cha jikoni.

Nikampa shali. Akasema: asante, ya Priscille. Akageuza kiti, akatoka kumngojea mjomba wake na gari. Kwenye mvua, wakati ndani kulikuwa na nafasi.

Ijumaa, 5 Desemba

Hajaja tangu siku ile. Nimemwandikia, amesoma, kimya.

Na niandike yote, maana hapa hakuna anayesoma: mgongo umepona kidogo. Juzi nilipanda ngazi mikono mitupu nikaona raha. Nilipofika juu raha ikaisha.

Jumatano, 10 Desemba

Nimekwenda Ganshoren. Shangazi yake, Maman Lucienne, alifungua, akaniita binti yangu kabla sijasema jina, akanikalisha mezani. Bukari na sombe, ugali na kisamvu. Yeye anafikiri Sephora ana mafua.

Tulipobaki wawili nikaanza kuomba radhi. Sephora akanikata.

— Juu ya nini unaomba pardon? Ulisema bongo?

— Si uongo, ila nilisema kwa uchovu.

— Bon. Mutu akichoka, njo anasema kweli.

Akasogeza kiti karibu, akaongea polepole, kama mtu aliyelifikiria jambo siku nyingi.

— Miye sikukasirika juu yako. Miye pia nilichoka. Weye ulichoka kubeba, miye nilichoka kusema merci. Asubui merci, mangaribi merci. Mutu ananikanyaga shali, ninamuambia merci juu labda kesho atanibeba. Nilikuya Ulaya kusoma, ya Priscille. Sikukuya kusema merci.

Nikamwuliza: na mitihani ya Januari?

— Nitakuya. Lakini sitabebwa tena. Na weye, na Ghislain, na mutu yeyote.

Maman Lucienne alikuwa amesimama na sahani. Alisikia. Akasema acha bakubebe mutoto wangu, upate diplome yako, kiburi utakiweka kisha. Akanigeukia mimi nimsaidie kusema. Karatasi za Sephora za kukaa Ubelgiji zinangoja matokeo ya Januari, sote watatu tunalijua hilo.

Nilitazama sombe. Kwenye basi, njia nzima hadi nyumbani, nilijiuliza kama kunyamaza kule kulikuwa heshima au woga.

Jumatatu, 15 Desemba

Tumeonana na mkurugenzi, mimi na Ghislain. Ombi letu dogo: mtihani wa Sephora ufanyike chini, kwenye sebule ya wageni. Ina meza, ina viti, haina hata kizingiti.

Mkurugenzi si mtu mbaya. Alitupa kahawa. Alieleza kwamba sebule ni ya kupokea washirika wa chuo, kwamba walimu tayari wamepangiwa chumba cha juu, kwamba kuhamisha mtihani wa mtu mmoja kutaleta maswali kwa wengine. Kuhusu lifti, bei ni kubwa na mwaka huu ni mgumu. Halafu akasema, na alikuwa anatusifu, kwamba kwa bahati nzuri wanafunzi wamejipanga vizuri sana, ndiyo maana suala la lifti halikuwa la haraka.

Ghislain akasema merci, Monsieur. Mimi nikaweka kikombe chini.

Halikuwa la haraka. Kwa sababu sisi tupo. Kila siku tuliyompandisha Sephora juu, kule ofisini walihesabu kwamba lifti inafanya kazi. Mgongo wangu ulikuwa unawapa muda.

Nimefika nyumbani nimelala na koti.

Alhamisi, 8 Januari

Heri ya mwaka mpya. Tangazo la lifti mbovu limebadilishwa. Lile la zamani lilikuwa karatasi, hili jipya limefunikwa plastiki lisiharibike.

Choo kipana bado ni stoo. Wameongeza mti wa Krismasi, ule wa plastiki, umekunjwa ndani ya boksi.

Nimegombana na Ghislain. Mpango wake: Jumanne, siku ya mtihani, tumchukue tu Sephora, apende asipende, tumfikishe juu, atatushukuru akipata maksi. Nikamwambia hapana. Akasema:

— Unataka akose mwaka juu ya ascenseur?

— Nataka asibebwe kama hataki.

— Weye ulichoka, njo maana. Sasa unapata sababu ya muzuri.

Limeniuma. Limeniuma kwa sababu sina hakika kwamba ni uongo. Nimejichunguza njia nzima. Labda nusu ya msimamo wangu ni uchovu. Nusu ya pili ni Sephora anavyoning'inia pale kwenye chuma na watu wanageuza macho. Siwezi kuzitenganisha.

Jumatatu, 12 Januari

Sephora amenipigia. Sauti kavu. Atakuja kesho, mjomba atamleta. Hakuniomba kitu. Aliniuliza tu nitavaa nini kwenye mtihani. Tukaongea nguo, kama wasichana.

Jumanne, 13 Januari

Naandika nimekaa ngazi ya chini kabisa. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Mtihani wa mdomo, tunaitwa mmoja mmoja. Ghislain amekwishaitwa. Baada yake Sephora, baada ya Sephora mimi. Sephora amefika mapema, blauzi nyeupe, nywele amesuka upya. Ameegesha kiti mbele ya ngazi, amefunga breki. Makaratasi yake kwenye magoti. Wenzetu wawili wamejitolea kumbeba. Amewaambia hapana, bila merci.

Ghislain ameshuka. Hatujazungumza tangu Alhamisi. Amechukua koti lake, amefika mlangoni, amerudi. Amekaa ngazi ya juu yangu. Anayetaka kupanda sasa lazima aturuke.

Wameita. Mademoiselle Numbi. Ni Sephora.

— Présente, nipo, amesema.

Wameita tena, kwa nguvu.

— Niko hapa chini, Monsieur, amejibu kwa Kifaransa, sauti imenyooka.

Profesa ametokeza kichwa juu ya chuma cha ngazi. Amemwona Sephora. Halafu amemtazama Ghislain, halafu mimi. Anangoja tuinuke. Hana ubaya usoni, anangoja tu, kama mtu anayengoja taa ya barabarani ibadilike. Na magoti yangu — sijui nilielezeje — magoti yameanza kujinyoosha yenyewe ili niinuke, yamezoea. Nimeyashikilia kwa daftari hili.

Madame Viviane ametoka ofisini. Priscille, s'il te plaît, amesema. Tafadhali, polepole, kama anavyoombwa mtu wa nyumbani.

Sijainuka.

Mtihani wangu unafuata. Profesa huyo huyo. Ghislain nyuma yangu anapumua kwa nguvu, naogopa atasimama. Hajasimama.

Sephora hamtazami yeyote kati yetu. Amenyoosha makaratasi yake, amekohoa kidogo, na ameanza. Ameanza mtihani. Bonjour, kazi yangu inahusu maji ya bomba katika mitaa ya Lubumbashi. Anasema kwa sauti ya kufika ghorofa ya tatu. Mlango wa maktaba umefunguka. Mtu amezima mashine ya kahawa.

Profesa hajarudi ndani. Hajashuka pia. Mkono uko kwenye chuma.

Madame Viviane bado ananitazama.

Sephora amefungua ukurasa wa pili.