Darasa Maalum

Kitongoji cha Juu, Slovakia
12 Septemba 2011

Mwanangu Jolana,

Hujambo huko Uingereza? Baridi ya kiwanda cha kuku haijakumaliza? Sisi wazima, ila goti langu tu. Vanesa wako anakula vizuri na anakusalimu sana.

Sasa kaa chini. Ijumaa shule ilituita sisi Waroma, "Wajipsi" kama wanavyotuita, wote wenye watoto. Mimi tangu nizaliwe siitwi shuleni ila kugombezwa! Safari hii tulipewa viti na keki. Mwalimu mkuu akasema watoto wetu watafunguliwa darasa maalum, tuamue wenyewe kwa kunyoosha mikono. Maalum, Jolana! Kama mgeni maalum harusini. Nilinyoosha wa kwanza, nikawakemea waliozubaa: "Nyoosheni nyie, mnangoja nini?" Ikapita. Nimepika holubki za kabichi na nyama, tumekula mpaka majirani.

Mama yako mwenye furaha,
Margita

Leeds, 26 Septemba

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, lakini barua yako imenitetemesha mpaka msimamizi akaniuliza nani amekufa.

Mama, umefanya nini? Maalum ni darasa la watoto wanaosemwa hawana akili! Mwenzangu hapa, Emil, alisoma humo. Mpaka leo barua za mkewe namsomea mimi. Na Vanesa anagawanya hesabu kichwani! Nenda kesho ukamtoe. Nakuomba, mama.

Bintiyo,
Jolana

Kitongoji cha Juu, 20 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Za afya usiniulize, chakula hakipiti.

Nilikwenda. Nikamkuta Vanesa anapaka bata rangi. Bata, Jolana! Mtoto wa darasa la nne! Nikamwambia mwalimu mkuu sikujua maana yake. Akatabasamu: "Mama Margita, mliamua wenyewe. Hiyo ndiyo demokrasia. Wengi wakishapitisha, mmoja hajitoi." Nikasema basi tupige kura tena. Akakubali upesi mno, ningepaswa kushtuka palepale.

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaeleza, koo likanikauka. Wote wakaitikia. Siku ya mkutano akauliza nani anataka darasa livunjwe. Nikanyoosha mkono, nikageuka nyuma. Mkono wangu peke yake! Nilidhani macho yananidanganya.

Nikamvaa jirani yetu Gejza: "Wewe si ulinielewa?"

"Nilikuelewa, shangazi. Lakini mwanangu kwenye darasa la zamani watoto wasio Waroma walikuwa wanamtemea mate. Humu anaimba. Kama una dawa ya mate, nipe."

Nyumbani nikamuuliza Vanesa mwenyewe. "Bibi, bata ni rahisi," akasema. "Nikimaliza wananisifu, na hakuna anayenicheka." Alikuwa anafurahi, Jolana. Hapo ndipo nilipolia. Nimemharibia mtoto wako kwa mkono huu huu.

Mama yako,
Margita

Leeds, 2 Novemba

Mama, shikamoo.

Usiulaumu mkono wako, hakuna aliyekueleza. Kazi nimeacha. Nafika Jumapili, tarehe 20, na basi la usiku. Mpaka nifike, usinyooshe mkono kwa lolote, hata wakikupa keki nzima.

Mwambie Vanesa bata aliyebaki asimpake rangi. Na mwambie Gejza anivalishie mwanawe Jumatatu asubuhi. Nitawapeleka wote wawili darasa la zamani, kura au hakuna kura, nikae nao dawati moja. Anayetaka kutema mate ataanza na mimi.

Bintiyo,
Jolana