Fitri ya Zaituni

Jumatatu, 12 Ramadhani 1396

Futari ya leo mihogo, na uji bila sukari. Sukari Kampala hii iko kwa wenye bunduki tu. Mwanangu Hamza alikula tende amesimama, akakimbilia msikitini na kipaza sauti chake. Mkewe Saada, darasa la wanawake. Sebuleni wanakaa wale wawili waliosilimu juzijuzi, Hamza anawafunza kusali. Watu wema. Wanakula sana.

Mjukuu wangu Zaituni nilimtuma na sahani kwa jirani, Mama Okello. Hakurudi. Amelala huko.

Jumatano, 14 Ramadhani

Bado yuko huko. Leo sikumwita. Nataka nione nani atauliza. Hamza kaingia, katoka. Saada aliniuliza kama nimeiona kanga yake ya buluu. Kanga!

Shule sikusoma. Herufi za msahafu tu ndizo ninazoandikia hapa, alinipa marehemu baba. Kwa hasira zangu zinatosha.

Ijumaa, 16 Ramadhani

Mama Okello alikuja kwenye ua. Mumewe polisi. Wenzake wa kwao kaskazini wanaitwa kazini, hawarudi. Sasa mama anarudi kwao Lira na watoto, Idi ikipita.

"Na huyu wako anasema tunakwenda naye. Nguo kashafunga." Akacheka. Sikucheka, naye akaacha.

Jioni Zaituni alifuata sare yake ya shule. Kilango, lugha ya kina Okello, kinamtoka siku hizi kama kazaliwa nacho. Nikamwuliza, utamwacha bibi yako, Jajja wako?

"Na wewe njoo, Jajja. Baba hatajua."

Miaka tisa. Hakusema kwa uchungu, alisema kama anayeniambia mvua inanyesha. Hapo ndipo paliponichoma.

Jumapili, 25 Ramadhani

Nilimwambia Hamza, mwanao hayumo humu ndani. Alikuwa anatunga hotuba ya Idi. "Inshallah, Mama, baada ya Idi nitakaa naye." Hakuinua kichwa.

Baada ya Idi basi la Lira litakuwa limeshavuka mto.

Ningeweza kumburuta mtoto nyumbani mimi mwenyewe. Arudi kwa nani? Kwangu mimi tu, kizee mwenye magoti mabovu. Kitanda chake kitupu, nimelala mimi. Ni kifupi.

Ijumaa, 30 Ramadhani

Hamza kapima fitri. Kila kichwa cha nyumba kinatolewa pishi ya nafaka kabla ya sala ya Idi. Anapima, anataja jina. Mama. Saada. Yeye mwenyewe. Abdalla. Sulemani. Hao wawili wa mwisho ndio wale wa sebuleni. Akafunga mfuko, akapangusa mikono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama. Alhamdulilahi."

Saada alielewa kwanza, akaziba mdomo. Hamza akatazama mfuko, akanitazama mimi.

"Yuko wapi?"

Nikamwambia. Kwa Okello, tangu mwezi haujajaa. Siku mbili tatu hizi anakwenda Lira. Mtaa mzima huu wa Kyebando umeupimia, nikasema, aliyetoka tumboni mwa mkeo hukumpimia.

Alitoka bila viatu. Nilimfuata mpaka uani. Zaituni kajificha nyuma ya Mama Okello, hatoki.

"Sheikh, mimi simfukuzi," Mama Okello akasema. "Kaa chini, umngoje."

Akakaa. Adhana ya isha iliadhiniwa na mtu mwingine, sauti mbaya. Hamza hakusogea. Mwishowe mtoto alitoka. Alitangulia yeye, baba nyuma. Mkono hakumpa.

Saada alikuwa mlangoni. Alitaka kumkumbatia, Zaituni akapita ubavuni, akaja kulala kwangu.

Jumamosi, Idi

Mama Okello hakungoja. Kaondoka alfajiri, kimya, bila kuaga. Afadhali. Mungu awafikishe. Zaituni alikwenda kutazama mlango wao, akarudi. Hakulia. Ningependa alie.

Baada ya sala Hamza akaja kukaa naye mkekani. Mikono hajui aiweke wapi. Akamwuliza yuko darasa la ngapi. Akamjibu.

Gari la wakubwa likapiga honi nje, wanamtaka kwenye karamu. Akasema anakuja. Hakuinuka. Akamwuliza mwalimu wake anaitwa nani.

Nikawaacha. Nikaenda jikoni kuchambua mchele.