Nilipokaa Juu ya Jeneza Lako

Osmundi, mtani wangu,

"Bima ya afya ni zawadi. Mwajiri anampa mfanyakazi akipenda, kama kuku wa Krismasi." Maneno hayo aliyasema bosi wako siku ya mazishi yako, na hukuweza kumjibu kwa sababu ulikuwa ndani ya jeneza. Mimi ningeweza. Nilikuwa nimelikalia.

Ndiyo, nililikalia. Mimi Mhehe, wewe Mngoni. Utani ni utani, na nani mwingine angekuzuia usiende? Nikakaa katikati ya njia, nikatangaza: "Mngoni haendi kokote! Alikula ugali kwangu Kihesa miaka yote, leo anaondoka bila kuaga!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Bosi akatoa noti ya elfu kumi ili nishuke, kama ilivyo desturi. Nikaikataa. Nikamuuliza mbele ya padri: "Huyu ulimkatia bima?"

Hapo ndipo akaleta hayo maneno ya kuku wa Krismasi.

Jeneza lenyewe, lakini! Mbao za daraja la kwanza, hazina kifundo hata kimoja. Wewe uliyelala miaka yote kwenye kitanda cha mabanzi, umepewa samani nzuri siku ambayo huwezi kuifurahia. Na bosi amejaa sifa Nyololo nzima: "Amemzika vizuri." Kichwa kilikugonga miezi mitatu, Osmundi. Ulimeza Panadol za kwenye gari lake, ukanitania kwa jina mnalotupa Wahehe, "Mla mbwa, hospitali watanipima kila kitu, nitakuta hata magonjwa ambayo sikuwa nayo." Tukacheka. Nilicheka na mimi. Hilo sijalimaliza.

Na pale juu ya jeneza, nilikuwa sijamaliza na bosi pia. Ila mkeo akanishika mkono: "Shemeji, inuka basi, mvua inakuja." Nikainuka. Mimi ninayegombana na redio, niliinuka kwa sababu ya mawingu.

Sasa sikia ya kiwandani. Tangu uondoke, hakuna anayejua kunoa ule msumeno wako wa kupasulia magogo. Mbao zinatoka nene kichwani, nyembamba miguuni, kama kandambili iliyokwisha kisigino. Mteja wa Mbeya amerudisha lori zima. Bosi akafunga safari mpaka Iyunga kumtafuta fundi. Akampata, mtu mfupi, mpole. Fundi hakuuliza mshahara. Akauliza, "Bima ipo? Na mama watoto anaingia?"

Bosi akapandisha mshahara.

"Mshahara nimekusikia, bosi. Nauliza siku nikiugua."

Akapandisha tena. Fundi akamshukuru vizuri, akarudi kunoa misumeno ya jirani yake, ambaye kadi ya bima anatoa. Haya alinisimulia dereva wa bosi, akicheka mpaka akashikilia usukani. Lori lile analoendesha, Osmundi, lina bima kubwa. Taa ikivunjika, inalipiwa. Lori halijawahi kuambiwa limeze Panadol.

Hicho ndicho ambacho bosi wako hakijui, na walio kama yeye. Mwajiri mwenye akili hatoi bima kwa sababu ana moyo wa huruma. Anataka fundi wake awepo Jumatatu. Anajua kwamba mgonjwa asiye na kadi anauficha ugonjwa, anakuja kazini hivyo hivyo, anaharibu gogo zima, siku nyingine anaacha vidole. Na anajua kwamba mtu ambaye mtoto wake ametibiwa kwa kadi ya kiwandani hahami ovyo. Sijamdai mtu upendo. Namdai hesabu za darasa la nne, zile ninazofundisha.

Wiki iliyopita bosi alinipigia simu. "Mwalimu, hivi hiyo bima inaanzaje?" Nilikaribia kumsamehe. Nikaenda, nikamsaidia kujaza fomu. Jina likawa moja tu: fundi wa Iyunga, ili akubali kuja. Wabeba magogo, wapanga mbao, mama anayepika uji wa saa nne, hawamo. "Hao wapo tele," akasema.

Nikamwachia kalamu yake.

Nakuaga kwa salamu ya kwetu Uhehe: kamwene, mtani. Lala kwenye mbao zako za daraja la kwanza. Mkeo hajambo, na mahindi yako nimeyapalilia, vibaya, kama ambavyo ungetegemea kwa Mhehe. Nakuahidi kitu kimoja: sitainuka tena mapema.

Na sasa niwageukie wenye viwanda vya mbao, kuanzia Nyololo mpaka Iyunga, na wewe bosi wa Osmundi ukiwa wa kwanza. Chukueni fomu. Andikeni majina yote, na la mama wa uji liwe juu. Mkikataa, mjue watani wangu ni wengi na mazishi yenu nitayahudhuria. Nitakaa juu ya jeneza la kila mmoja, nitauliza swali lile lile mbele ya padri, na hata mvua ikinyesha, siinuki.