Sare ya Harusi ya Mwende

Jumapili, 10 Agosti 2003. Kambini

Nimepiga pasi sketi ya kijivu na blauzi nyeupe. Likizo inaanza kesho. Sketi ipite magoti, viatu ving'ae, nywele zibanwe. Jinzi hapana. Fulana hapana. Sare ibaki kabatini. Ndiyo sheria ya kutoka langoni bila kazi, na mimi hainisumbui. Nimeizoea.

Kinachonisumbua ni mdogo wangu Mwende. Anaolewa Jumamosi, Kajiado mjini. Baba alishafariki, kaka hatuna. Ameomba mimi ndiye nimpeleke mbele kanisani, nikiwa nimevaa sare ya gwaride. Niliomba ruhusa. Sajini Meja amenijibu leo. "Koplo Ndinda, sare si ya sherehe za nyumbani. Ungekuwa unaolewa wewe, tungeongea."

Basi. Nitaenda na habari mbaya.

Jumatatu, 11 Agosti. Kitengela

Upepo na vumbi tupu. Mama amekonda kidogo lakini anacheka. Nilimwambia Mwende kabla sijavua viatu. Hakulia. Alisema "sawa" haraka mno. Mwende si mtu wa kusema sawa haraka.

Jumanne, 12 Agosti

Sasa nimejua.

Amenishika mkono asubuhi, akanipeleka kwa Fundi Gathogo, nyuma ya soko. Mzee mpole, ndiye alitushonea nguo za shule. Ukutani ameangika koti. La kijani. Lina mikanda ya mabega, vifungo vya shaba na mshipi mwekundu. Ameiga ile picha yangu ya siku ya kufuzu, inayokaa sebuleni kwa Mama. Mkononi amebandika tepe tatu, za sajini. Mimi niko na mbili. Mzee amenipandisha cheo.

Mwende alikuwa anang'aa. "Hii si ya jeshi. Ni yetu. Hawawezi kuikataza."

Hii ni mbaya kuliko kuvaa ile halisi. Raia kushona sare ya jeshi ni kesi, na mimi kuivaa ni kesi nyingine. Nilimwambia mzee. Aliketi chini, mkono bado uko kwa cherehani. Mteja akaingia kuulizia suruali yake. Nilitupa sweta langu juu ya koti, nikasimama mbele yake kama mlinzi.

Tulipotoka nilimfokea Mwende barabarani, watu wakigeuka. Akanijibu, "Unaogopa hao wakubwa wako kuliko unavyonipenda."

Imeniuma. Bado inauma.

Jumatano, 13 Agosti

Hatuongei. Mama amepika muthokoi wa mahindi na maharagwe, tumekula tukiangalia sahani.

Baadaye Mama aliniambia jambo ambalo Mwende alinificha. Siku ya mahari, shangazi wa bwana harusi, Kariuki, aliuliza mbele ya watu: nyumba haina mwanamume, nani atamtoa bibi harusi? Mwende akamjibu, "Dada yangu ni mwanajeshi. Mtamwona." Kumbe ndiyo maana.

Nimewaza kuivaa tu. Kajiado nani atanijua? Saa moja kanisani, kisha naivua. Nimewaza hivyo kweli kweli, siwezi kujidanganya. Lakini hizo tepe mbili nilizipata kwa jasho. Ya tatu sijaipata. Nikiivaa mbele ya Mungu na watu, hata zile mbili nitakuwa nimezichezea. Na yule mzee akikamatwa?

Siivai.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilikuwa kwa Gathogo kabla hajafungua. Mama Naisiae anayeuza maziwa mlango wa pili alinisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikaitika, "Iko," nikajifanya sina haraka.

Tukafunga mlango, tukachukua wembe. Tepe tukang'oa, mikanda ya mabega tukang'oa, na vifungo na mshipi pia. Tepe mzee alizitia kwa jiko mwenyewe. Koti likabaki uchi. Nikaona kwamba ni koti zuri. Limekaa vizuri kiunoni, na kitambaa ni kizito. Gathogo akalizunguka, akasema, "Kola nitaikata iwe ya akina mama. Vifungo tuvivike kitambaa hiki hiki. Kimebaki cha sketi ndefu."

Nimeshinda pale. Yeye akikata, mimi nikipiga pindo kwa mkono. Jeshini tunafundishwa kushona vifungo visitoke, hilo nalijua. Nilikuwa na furaha, sijui kwa nini.

Jioni Mwende akaja. Alisimama mlangoni, akaliangalia koti.

"Na zile tepe?"

"Zimechomwa," mzee akasema.

Mwende akanitazama. "Ulikuwa sajini kwa siku mbili." Akaanza kucheka, nami nikacheka, hadi machozi. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono kama wasichana wadogo.

Ijumaa, 15 Agosti

Kusuka nywele. Kuchemsha maharagwe. Wageni kutoka Machakos wamejaa hadi jikoni. Yule shangazi namwogopa kuliko Sajini Meja.

Jumamosi, 16 Agosti. Kajiado

Shangazi wa Kariuki alikuwa mlangoni pa kanisa, kofia kubwa ya manjano. Hakunisalimu. "Na huyo mwanajeshi yuko wapi?"

"Ni mimi, shangazi."

Alinipima kutoka nywele hadi viatu. Alitafuta kitu hakukipata. Mwende akatia mkono kwapani mwangu, tukaingia.

Nilianza na hatua ya gwaride. Miguu yenyewe. Mwende akanifinya. "Polepole, wewe. Si uwanja huu." Nikapunguza.

Mchungaji akauliza, "Ni nani anayemtoa binti huyu?"

Nikajibu, "Ni mimi, dada yake!"

Sauti ilitoka ile ya uwanjani. Mtoto mmoja akaamka akalia. Kwaya ikageuka. Kanisa zima likaangua kicheko, kisha vigelegele, na Mama ndiye alianza. Niliona aibu hadi masikio. Nikaona pia Mwende amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona.

Wakati wa chakula shangazi alikuja na sahani ya nyama, akaketi karibu nami. Alishika pindo la koti langu, akalisugua kwa vidole. "Hii sauti yako, wacha tu. Sasa niambie, fundi wako ni nani?"

Nikamwonyesha Gathogo, meza ya tatu, mdomo umejaa wali.

Jumapili, 17 Agosti. Kitengela

Wageni wameondoka. Mama na mimi tumeosha sufuria hadi mikono ikachoka, tukapasha pilau iliyobaki.

Mwende amepiga kwa simu ya jirani. Amechanganyikiwa na stovu mpya ya Kariuki. Mama alimwelekeza akipiga kelele kana kwamba Kajiado ni ng'ambo ya ua. Kisha akasikiliza, akasema, "Eeh, mwanangu. Eeh." Alivyorudisha simu alikuwa anatabasamu.

Nimeshinda miguu mitupu, nimejifunga leso kuukuu ya Mama. Upepo umetulia. Mama amesinzia kwenye kiti, nami nimemsogezea kivuli cha pazia asipigwe na jua.